Tusiwe Watatu

Jumamosi yetu ilikuwa ikianza kwa Russell kugonga mlango wangu na kupiga kelele zisikike korido nzima: "Shemeji, toka, mwanga unakimbia!" Kumbe hata kahawa sijainywa. Mwanga wenyewe wa mwezi wa kumi na moja hapa Toronto ni wa kuazima, haujakaa sawa umesharudishwa kwa mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa namsamehe. Najitupia mtandio, navaa koti, natoka. Mkewe, Assunta, ananisubiri kwenye lifti na chupa ya chai ya tangawizi.

Tuliishi mlango kwa mlango hapa Crescent Town miaka mingi. Wao Wagoa wa Tanga, mimi Mswahili wa Tanga hiyohiyo, Ngamiani. Kule nyumbani pengine tungeishia kusalimiana dukani tu, huku baridi ikatufanya ndugu. Nilimwita Da Assunta kwa kuwa ni mkubwa kwangu, naye akiniita mdogo wangu, basi mumewe akawa shemeji. Bomba lilipopasuka kwangu nikahamia kwao mpaka mafundi walipomaliza, na rozari yake na tasbihi yangu zikalala droo moja bila kugombana.

Russell alikuwa karani maisha yake yote. Alipostaafu akaifufua kamera yake ya zamani ya mkanda. Si hizi za kuona picha hapohapo. Yake ilikuwa ya kungoja: mkanda uishe, upelekwe kusafishwa, ndipo ujue umewakata watu vichwa au umewabakizia. Gina akitoa simu yake apige, babake anamwambia simu ni ya kupigia simu. Na majira aliyoyapenda ni haya asiyoyapenda mtu, majani yameshapukutika na theluji haijashuka. "Sasa ndio mji unaonyesha mifupa," alikuwa akisema, nasi tunamfuata: bonde la mto Don, High Park, na zaidi ya kote Bluffs, yale majabali ya udongo mweupe upande wa mashariki. Chini yake pana ufukwe, na mbele ya ufukwe ziwa kubwa mpaka unaweza kujidanganya umefika baharini.

Wa nne wetu alikuwa huyo Gina, mtoto wao wa pekee, aliyepatikana wazazi wameshakata tamaa. Alikuwa mwalimu kule Richmond Hill na kila Jumamosi alishuka kuja kutembea na wazee wake. Kiswahili anakielewa chote, hadi matusi, ila kujibu anajibu Kiingereza. Mamake alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama chungu kisitokote kikamwagika. Kila dakika jicho liko palepale.

Mwisho wa matembezi lazima picha ya pamoja. Russell anaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, anaitegesha ijipige yenyewe, kisha anakimbia kuja kwetu akihema. Kabla ya hapo Assunta anampitia kila mtu, utadhani anapeleka watoto kanisani. Ukosi huu anaunyoosha, kofia ile anairudisha, na kwangu mimi kila mara alifunga kifungo cha juu kabisa cha koti. Nilikichukia kifungo kile. "Da Assunta, unaninyonga." "Nyamaza, utaugua." Akigeuka tu nakifungua.

Na lazima tuwe wanne. Kwao Assunta kupiga picha watu watatu ulikuwa mwiko mkubwa. Mamake, enzi za usichana, alikwenda studio pale Tanga na dada zake wawili, wakapigwa, na kabla picha haijasafishwa yule aliyesimama katikati akafariki. Tangu hapo ukoo mzima ukashika neno: watatu wana wa katikati, na wa katikati hutangulia. Wanne hawana wa katikati. Kwa hiyo wakijikuta watatu humwita yeyote aliye karibu aje awe wa nne. Albamu yao ilikuwa kichekesho. Familia imevaa nguo za Pasaka, pembeni muuza karanga na kikapu chake. Komunyo ya kwanza ya Gina, pembeni mzungu wa kuzoa theluji ameshika koleo. "Huyu nani?" nauliza. "Simjui," Assunta anajibu akicheka, "lakini alituokoa." Mimi mwenyewe ukoo ule niliuingia kwa mlango huohuo. Nilikuwa napita koridoni na mfuko wa viazi, nikaitwa nije niwe wa nne, basi sikutoka tena.

Jumamosi moja katikati ya mwezi ule niliamka na homa. Russell akagonga, nikamjibu kwa kukohoa, akaelewa. Wakaenda Bluffs bila mimi.

Jioni Assunta aliniletea supu ya kuku, mashavu yamemwiva kwa upepo, furaha tele. Nikamtania, "Leo nani alikuwa wa nne? Mlimpanga shakwe?"

"Tulimpata mwanamke," akasema, akivuta kiti. Ufukwe ulikuwa mtupu kwa baridi, hata wenye mbwa hawakuwepo. Akamwona mwanamke mmoja kasimama ukingoni mwa maji, kawapa mgongo. Assunta akapaza sauti, ulimi ukateleza, akajikuta anaita kwa Kiswahili: "Dada! Hebu njoo, tusiwe watatu!" Gina akamcheka. Lakini yule mwanamke aligeuka, akaja.

"Mtu wa kwetu?" nikauliza.

"Ndivyo nilivyodhani. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikamweka pembeni yangu, nikamshika bega. Mdogo wangu, baridi ile! Nguo imelowa. Nikasema moyoni, maskini, ameteleza majini huyu." Picha ikapigwa. Walipogeuka kumshukuru, hayupo.

"Ana sura gani?"

Assunta akafungua mdomo ajibu. Akaufunga. Akabaki anatazama ukuta wangu kama kuna kitu kimeandikwa pale.

"Ajabu," akasema. "Sikumbuki." Kisha akaikoroga supu yangu na kunihimiza niinywe ingali ya moto.

Wiki iliyofuata Gina akapiga simu kwamba anasikia baridi. Tukacheka, nani asiyesikia baridi Toronto? Ila hii haikutoka. Akavaa sweta juu ya sweta, akawasha joto la nyumba mpaka majirani wakalalamika, meno bado yanagongana. Hospitali walimpima kila cha kupimika, wakasema damu nzuri, moyo mzuri, apumzike. Mamake akamrudisha nyumbani, chumba chake cha utotoni. Nilipokwenda kumjulia hali nikamshika mkono, nikaurudisha wangu haraka. Nilijifanya nawahi mlango.

Kila asubuhi mto wake ulikuwa umelowa. Assunta alidhani ni jasho la homa. Akanifungulia foronya niione, nami nikainusa. Haikuwa jasho. Ilinuka ziwa, ile harufu ya mawe na majani ya majini. Ndani ya mshono mlikuwa na punje za mchanga.

Tukafanya tunayoyajua. Yeye misa na rozari, ulikuwa bado mwezi wa kuwaombea marehemu. Mimi Yasini kila alfajiri. Gina aliendelea kukonda. Akaanza kusimama dirishani, lile linalotazama kusini upande wa ziwa, ingawa kutoka kwetu ziwa halionekani. Anasimama tu. Ametupa mgongo.

Siku moja mchana niliachwa naye mamake akiwa dukani. Nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu. Nikasikia anazungumza, nikafikiri ni simu. Nikachungulia. Simu ilikuwa mezani. Gina kasimama dirishani, midomo karibu na kioo, kioo kimefanya ukungu.

"Nakuja," alisema taratibu. "Ningoje kidogo. Nakuja."

Kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha Tanga, cha mtu mzima. Huyu mtoto ambaye maisha yake yote hajawahi kuniambia hata "shikamoo" bila kuchanganya. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu, akageuka, akanitazama kama aliyeamshwa, akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna kitu kinaungua. Kweli, vitunguu vilikuwa vinaungua.

Siku ileile picha zilitoka. Russell alizipitia upesi, mawazo yake yako kwa binti, akaziacha mezani. Assunta ndiye aliyekuja kwangu na moja. Hakubisha hodi.

Picha yenyewe nzuri, majabali nyuma, wingu chini. Kushoto Russell. Kisha Gina, anacheka. Kisha Assunta. Na upande wa kulia wa Assunta hapakuwa na mtu. Mkono wake ulikuwa umenyooka pembeni, umekunjwa, umekumbatia bega. Vidole vimeshika. Vimeshika hewa.

"Russell anasema labda alitoka kabla kamera haijapiga," Assunta alinong'ona. "Tazama mkono wangu, Kawthar. Nilikuwa nimemshika."

Nilitazama. Kwenye mchanga, pale ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na nyayo mbili. Peku. Zimejaa maji.

"Tulikuwa watatu," akasema. "Nilidhani nimemwita mtu, kumbe tulikuwa watatu. Na nani yuko katikati?" Akaweka kidole juu ya uso wa mwanawe na hakukiondoa. Nilimwita jina, nikamshika magoti, nikamwambia hayo ni mambo ya wazee na picha ni karatasi. Sikuyaamini maneno yangu mwenyewe, na yeye alinijua.

Siku tatu nne hakuniambia kitu. Kisha akaniita jikoni kwake, akafungua bomba la maji ili sauti isitoke.

"Tunarudi Bluffs Jumamosi. Tunapiga upya. Palepale."

"Na mimi nitakuwa wa nne," nikasema mbio. "Wa nne mwenye roho yake. Tutaifuta ile picha."

Akatikisa kichwa. "Ile imeshapigwa, haifutiki. Kuna nafasi moja katikati na lazima iwe na mtu. Nitasimama mimi. Wewe utabonyeza."

Nikaelewa.

"Da Assunta, hapana. Nikusimamishe nikupige mimi? Mimi?"

"Russell nikimwambia ataniona nimechanganyikiwa. Akijua ni kweli atataka kusimama yeye, halafu tutagombana hapo mtoto anakwisha." Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. "Una mwana, Kawthar. Ungekuwa wewe, ungeniuliza?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nisingemuuliza. Ningemvuta kwa mkono mpaka kwenye kamera. Kwa hiyo nilisema tu, "Jumamosi saa ngapi?" Akafunga bomba na kunikatia keki ya nazi.

"Gina asijue," alisema. "Siku zote. Nitakudai huko mbele ya Mungu."

Jumamosi ile theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba, bado haijafunika kitu. Russell aliona ni wazo zuri, picha ya familia kabla ya Krismasi, labda itamchangamsha binti. Gina tulimfunga mablanketi nyuma ya gari. Tulipoteremka na kuliona ziwa, akaanza kutembea peke yake, bila kushikwa, kuelekea majini. Mamake akamdaka kiuno.

Mwanamke alikuwepo.

Ukingoni, mgongo kwetu. Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza. Mwembamba. Nguo imemgandia. Upepo ulikuwa unavuma mpaka kofia ya Russell ikaruka, lakini nguo yake yeye haikutikisika.

Assunta akaanza kutupanga. Akanyoosha ukosi wa mumewe, akaupapasa, mkono ukakawia kifuani pake. Akamvalisha Gina kofia mpaka juu ya nyusi, akambusu pale kofia ilipoishia. Kisha akaja kwangu kwenye kamera, ingawa mimi sikuwa napigwa. Akafunga kifungo changu cha juu.

"Unaninyonga," nikasema.

"Nyamaza. Utaugua."

Akarudi, akasimama kati ya mumewe na mwanawe. Akapaza sauti upande wa maji, sauti ya kawaida kabisa, ya kumwita jirani.

"Dada! Njoo. Tupige tena."

Aligeuka, akaja. Hakuna aliyesikia hatua zake juu ya mawe. Akasimama mwisho, pembeni ya Gina. Uso wake niliuona, naapa niliuona, na sasa nikitaka kuusema sina neno hata moja. Nikaweka jicho kwenye kamera.

Ndani ya kamera walikuwa watatu.

Nikainua kichwa. Wanne. Nikaweka jicho. Watatu. Russell, Assunta, Gina. Assunta katikati, amenyooka, ananitazama mimi. Midomo yake ikasema kitu bila sauti. Piga.

Nikapiga.

Kabla hatujafika kwenye gari Gina alivua glavu. Akasema kwa Kiingereza chake, anaona joto. Kisha akasema ana njaa, tupite mahali akale chipsi. Russell alicheka mpaka akafuta macho. Assunta naye alicheka, akawa anamlisha mwanawe chipsi mojamoja kama mtoto wa chekechea, na mimi nilikaa kiti cha mbele nikitazama barabara. Vidole vyake viliponigusa kunipa ya kwangu vilikuwa vya baridi, baridi ileile.

Hakufika Krismasi. Madaktari walisema moyo. Alifia kwenye kiti chake kando ya dirisha la kusini, mchana, chai mkononi, na Russell alidhani amesinzia mpaka alipoona zulia chini ya miguu yake limelowa. Alidhani ni chai. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Nililia kilio ambacho sikukilia kwa mama yangu. Nasema bila haya. Wenzake wa kanisani walinipisha nikae mbele na familia, Mwislamu na mtandio wangu, kwa kuwa kila mtu alijua mimi ni wa nne. Kabla jeneza halijafungwa nilimpa Gina mtandio wangu wa njano, ambao Assunta alikuwa akiutamani kila nikiuvaa, akamfunga mamake shingoni. Akazikwa nao. Gina aliniuliza, Anti, kwa nini amekufa yeye wakati mgonjwa nilikuwa mimi? Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye. Neno hilo nalibeba.

Kamera ikawekwa juu ya kabati na mkanda ndani yake, haujaisha. Russell hakuigusa mwaka mzima. Hakugonga mlango wangu Jumamosi hata moja. Nilikuwa naamka mapema, nakaa na koti langu, nasikiliza korido.

Mwezi wa kumi na moja uliporudi akagonga. Taratibu, bila kelele.

"Shemeji," akasema, "mle ndani mna picha yake ya mwisho. Nataka niumalize mkanda. Nataka nimwone."

Tukaenda, yeye, Gina na mimi. Gina amenenepa kidogo, uso umerudi, mikono yake ya moto mpaka alikuwa ananipashia yangu ndani ya gari. Russell alipiga majabali. Akapiga majani mawili matatu yaliyokataa kudondoka. Akabakiza picha moja, nasi tukajua ya nini. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake. Tukajipanga bila kufikiri: yeye kushoto, Gina, kisha mimi.

Gina akacheka huku machozi yanamtoka. "Mama angetuua. Tuko watatu." Alisema kwa Kiswahili, kibovu, cha kwake mwenyewe, nami nikashukuru kwa ubovu wake. Akageuka kutafuta mtu wa kumwita.

Ufukwe ulikuwa mtupu.

Si kabisa.

Ukingoni mwa maji alikuwepo mwanamke, ametupa mgongo. Yule wa kwanza alikuwa mwembamba. Huyu alikuwa mnene kidogo, uzito wote ameuweka mguu mmoja, kwa ajili ya goti la kushoto lililomsumbua toka uzazi wa Gina. Shingoni amefunga mtandio wa njano. Upepo unavuma. Mtandio hautikisiki.

"Sunta," Russell akanong'ona.

Gina alinishika mkono, akaniuliza kwa pumzi tu, "Anti, ni yeye?"

Alikuwa ameinamisha kichwa upande, hivi, kama mtu anayesikiliza aitwe. Neno moja tu. Lile lile alilolisema yeye, lingemtosha. Angegeuka. Angekuja, angesimama pembeni yangu, ningemwona uso. Ninaapa hakuna kitu nilichokitaka duniani kuliko kile. Russell akainua mkono, akavuta pumzi.

Nami nikatazama tulivyosimama. Russell. Gina. Mimi.

Gina alikuwa katikati.

Nikaudaka mkono wa Russell kwa mikono yangu yote miwili. "Usiite, shemeji."

"Niachie. Yule ni mke wangu."

"Ni yeye. Namwona. Usiite." Akanivuta, mzee yule, akaniburuza juu ya mawe, sikumwachia. "Kwa alivyompenda mtoto wake, usiite. Ukimwita umempoteza wa pili. Yeye mwenyewe hatakusamehe."

Sikumweleza zaidi. Alinitazama, akaitazama kamera, akamtazama binti yake aliyesimama katikati. Karani hesabu anazijua. Nikaona inamwingia, polepole, yote, na picha ya mwaka jana, na nani aliyebonyeza. Mkono wake ukashuka. Sauti aliyoitoa sitaki kuisikia tena.

Mimi ndiye niliyesema. Sikuita. Nilisema tu, chini, kuelekea maji. "Da Assunta, tusamehe. Leo hatupigi picha."

Hakugeuka. Kichwa kilibaki kimeinama upande, bado kinasikiliza.

Tukamwacha. Hilo ndilo tulilolifanya, tulimpa mgongo na kumwacha na baridi yake, sisi tuliompenda kuliko wote. Gina katikati yetu, sasa tumemshika kila mmoja upande wake, analia bila kujua nusu ya anachokililia. Sikutazama nyuma. Sikusikia hatua. Mawimbi tu, na mawe yakisukumana.

Ndani ya gari hakuna aliyewasha injini. Tulikaa. Kisha Gina akanitazama shingo, akasita.

"Anti, kifungo chako."

Nikapeleka mkono. Kifungo cha juu kabisa kilikuwa kimefungwa. Kimefungwa vizuri, kwa kukazwa, na ukosi umenyooshwa. Nilitoka nyumbani nikiwa nimekiacha wazi, kama siku zote. Kilikuwa kimelowa, na chembe ya mchanga imenasa kwenye tundu lake.

Nikamtazama Russell. Ukosi wake umenyooka. Nikamtazama Gina. Kofia yake ilikuwa imeshushwa mpaka juu ya nyusi, na pale ilipoishia ngozi ilikuwa na alama ndogo ya maji.

Picha ile ya mwisho haijapigwa mpaka leo, na mkanda haujasafishwa. Koti langu liko nyuma ya mlango. Mwanangu ananiuliza kwa nini nalivaa kwa kulipitisha kichwani kama kanzu, na mimi namwambia uzee. Kifungo kile sijakifungua. Kinaninyonga, naye hayupo wa kulalamikiwa.